Pikapu yenye nguvu inahitaji bwati gani?

Marekani, watu wanatia turbo kwenye pikapu Chevrolet Silverado, motere inapata nguvu, halafu bwati ya vitesi inakufa. Nyingi zilitoka kiwandani na bwati otomatiki 4L60-E, ambayo diski za vitesi ya 3 na ya 4 huungua kwanza. Fundi anaweza kuijenga upya kwa vipande vigumu, ila yenyewe inabaki ndogo. Kwa hiyo wengi wanahamia 4L80-E, ya magari ya mizigo. Ni nzito zaidi, kama kilo 40, na vitesi yake ya kwanza ni 2.48 badala ya 3.06: gari inaondoka pole kidogo. Mnunuzi asiulize nguvu za farasi tu. Aulize torki, ile nguvu ya kuzungusha, na uzito wa gari. Radiateri ya mafuta ya bwati pia iwe kubwa. Mafuta yakishanuka kuungua, pesa imeenda.