Bondia Hana Mwenziwe wa Kumpokea

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Msemo huo ni kweli, lakini uko mchezo mmoja ambao mafahali wawili hukaa zizi moja, tena huishi kwa kutegemeana. Mchezo wenyewe ni mieleka ya kulipwa ya wawili kwa wawili, ambayo wengi wetu tumeitazama katika televisheni. Mmoja huwa ndani akipigana, na mwenziwe hungoja nje ya kamba. Aliye ndani akizidiwa hujikokota hadi pembeni, akanyosha mkono, akamgusa mwenziwe. Papo hapo yeye hutoka akapumua, na mwenziwe akaingia na nguvu mpya.

Najua watu watasema mieleka ya namna hiyo hupangwa, na mshindi hujulikana kabla kengele haijalia. Ni kweli. Hata hivyo mchezo huo una fundisho lake: binadamu akichoka ahitaji mkono wa kuushika. Jambo hilo limenikaa moyoni kila nipitapo mitaa ya mashariki ya Nairobi, hiyo iitwayo Eastlands, kwa kuwa mchezo uliowapa vijana wa huko jina duniani si mieleka bali ni ndondi. Na katika ndondi hakuna wa kukupokea.

Msomaji wa pwani akifika Eastlands hatajiona mgeni sana, kwani majina ya mitaa ni majina yetu. Iko Majengo, iko Makadara, iko Kaloleni, iko Ziwani. Pumwani kuna Waislamu wa tangu enzi za mkoloni, na adhana husikika kama ilivyo Mombasa. Upande wa karibu na mjini ndipo ilipo Muthurwa, mtaa uliojengwa na shirika la reli kuwaweka wafanyakazi wake Waafrika. Nyumba zake ni vyumba vidogo vilivyopangwa safu safu, mabomba na vyoo ni vya shirika, na faragha ni haba. Katika mtaa huo ndimo kilimokuwa chama cha ndondi kilichoitwa Dallas, na katika chama hicho ndimo alimotoka Robert Napunyi Wangila.

Wangila alizaliwa Nairobi mwezi wa Septemba 1967. Mwaka 1987, michezo ya Afrika nzima ilipofanyika Nairobi, alishinda nishani ya dhahabu mbele ya watu wake, katika uzani wa kilo 67. Mwaka uliofuata akaenda Seoul, Korea ya Kusini, kwenye Michezo ya Olimpiki. Huko alipanda hadi fainali akakutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Pambano lilikuwa la raundi tatu, lakini Wangila hakuihitaji ya tatu. Katika raundi ya pili alimwangusha Mfaransa huyo, na hesabu ikaisha.

Nilikuwa kijana wakati huo, na nakumbuka jinsi redio ilivyotangaza habari hizo. Tulikuwa tumezoea kusikia dhahabu za wakimbiaji, na mwaka huo nazo zilikuwa nyingi: Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi wote walishinda. Dhahabu ya tano ndiyo iliyotushangaza, maana haikuletwa kwa miguu, ililetwa kwa mikono. Hadi hivi leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Tena hakurudi peke yake. Katika timu ile ile alikuwamo Chris Sande, bondia wa kilo 75, aliyepata nishani ya shaba. Hawa walikuwa mafahali wawili wa zizi moja kwelikweli. Uzani wao ulikuwa mbalimbali, basi hapakuwa na haja ya kugombana. Kila mmoja alipigana na wa kwake, wakarudi nyumbani wawili na nishani mbili. Tangu wawili hao, hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hakuna bondia wa Kenya aliyepata nishani tena.

Ili tusije tukadhani kwamba Wangila aliota kama uyoga, ni haki tuwataje waliomtangulia. Philip Waruinge alipata shaba Mexico mwaka 1968, na pamoja nayo akapewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki. Mwaka 1972 mjini Munich akapata fedha. Baada yake alikuja Stephen Muchoki, mtu mwepesi wa kimo na mzito wa mkono, aliyeshinda dhahabu za Jumuiya ya Madola mwaka 1974 na 1978, na mwaka 1978 huo huo akawa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa huko Belgrade. Lakini Muchoki hakuigusa Olimpiki. Mwaka 1976 Kenya ilisusia kwa ajili ya New Zealand kucheza raga na Afrika ya Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 ikasusia tena kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Silaumu kususia kule, kwani dhuluma haistahili kuchekewa. Nasema tu kwamba gharama yake ililipwa na vijana ambao ujana wao haukuweza kungoja. Mwaka 1984 Kenya iliporudi, Ibrahim Bilali akaleta shaba kutoka Los Angeles. Kwa hiyo Wangila alipoingia ulingoni Seoul, nyuma yake palikuwa na miaka ishirini ya jasho.

Baada ya dhahabu hiyo Wangila akaingia ndondi za kulipwa, akahamia Marekani. Hapa yafaa nieleze tofauti, maana wengi hudhani ngumi ni ngumi. Katika ndondi za ridhaa za wakati ule bondia alipigana raundi tatu za dakika tatu tatu, na kichwani alivaa kinga. Katika ndondi za kulipwa kinga haipo, glovu ni nyepesi zaidi, na raundi zaweza kufika kumi au kumi na mbili. Kichwa kilichozoea dakika tisa sasa kilipigwa nusu saa. Mshahara ni mkubwa kwa wachache walio juu kabisa. Walio chini yao huuza miili yao kwa bei ya kuridhisha tumbo tu.

Wangila alipigana mapambano 27 ya kulipwa, akashinda 22. La mwisho lilikuwa Las Vegas, tarehe 22 Julai 1994, dhidi ya David Gonzalez. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona yatosha, akalisimamisha. Wangila hakukubali. Alilalamika kwamba bado alikuwa na uwezo wa kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akafika chumba cha kubadilishia nguo, na huko ndiko alikoanguka akazirai. Alifariki tarehe 24 Julai. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Nimelitafakari sana lile lalamiko lake. Pana watu waliosema refa alichelewa, na wengine wakasema alifanya wajibu wake. Mimi sikuwapo, wala si mganga. Ninaloliona ni kwamba Wangila alikuwa amelelewa katika mchezo ambao kukubali kutoka ni aibu. Mpiga mieleka wa wawili wawili akinyosha mkono, watazamaji humshangilia, kwani ndiyo kanuni. Bondia akinyosha mkono huitwa mwoga. Wa kumwokoa ni refa, daktari, na mkufunzi wake mwenye kitambaa cha kurusha ulingoni. Hao ndio wenziwe wa nje ya kamba. Wakikosea kwa dakika moja, yeye hana pa kukimbilia.

Najua miongoni mwa wasomaji wangu wamo wazazi ambao hawataki hata kusikia mtoto wao amejiunga na ndondi, na sababu yao si ya kupuuzwa. Chuoni tulifunzwa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwangusha Rukana kwa mieleka, na huyo Rukana alikuwa hashindwi. Mieleka basi haina neno. Lakini tulifunzwa vile vile kwamba wapiganao wauepuke uso, na kwamba mwenye nguvu hasa ni ajizuiaye anapoghadhibika, si yule aangushaye watu. Ndondi hulenga uso. Hilo ni jambo la kuulizwa kwa wenye ilimu, nami silikati hapa. Hata hivyo kijana wa Muthurwa anayevaa glovu hataki kumuumiza mtu. Ataka njia ya kutoka katika kile chumba kidogo, na mara nyingi mlango wa ukumbi wa ndondi ndio mlango pekee alioukuta wazi.

Na mlango huo nao unazibwa. Pembeni mwa Muthurwa sasa lipo soko kubwa la wachuuzi, lililojengwa katika miaka ya 2000 ili wachuuzi waondoke katikati ya jiji. Mwaka 2010 wapangaji wa mtaa wenyewe walikwenda Mahakama Kuu kupinga kufurushwa na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, wakilalamika kwamba nyumba zinabomolewa na huduma kukatwa. Hukumu ilitoka mwezi wa Agosti 2013, na mahakama ikaona haki zao zimekiukwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hali ya mtaa uliolipa taifa dhahabu yake ya pekee ya ngumi.

Mkono ukinyoshwa huonekana faida yake. Mwaka 2016 Fatuma Zarika alimshinda Alicia Ashley huko Flint, Marekani, akawa bingwa wa dunia wa WBC, na mwaka 2017 akautetea mkanda wake Nairobi, mbele ya umma wa nyumbani. Mwenziwe aliyemtangulia, Conjestina Achieng, aliyewafungulia njia mabondia wa kike wa Kenya, aliugua na akabaki miaka mingi watu wakilia asaidiwe. Mwaka 2022 aliletwa huku kwetu Mombasa kutibiwa. Alipokuwa na mikanda hakukosa rafiki. Alipougua, mkono wa kumpokea ulichukua muda mrefu kufika.

Ndiyo maana nasema bondia hana mwenziwe ulingoni, lakini nje ya ulingo wenziwe ni sisi. Ukumbi usiovuja, daktari aliyelipwa, mkufunzi aliyefunzwa, na bima ya yule aliyestaafu: hayo si hisani, ni zamu yetu ya kuingia. Maadamu mimi ni mtu wa tungo, nalifunga neno langu kwa ubeti mmoja:

Ulingoni ni mmoja, mkono haupokewi,
Akichoka hana hoja, zamu yake haigawi,
Sifa tukila pamoja, uchungu haugawiwi,
Mwenziwe tuwe tungoje, mkono tumnyoshee.