Kwa Baisikeli Kando ya Mto Katuma

Ndugu msomaji, kama unayo baisikeli nyumbani, itazame leo kwa macho mengine. Siku zote umeizoea kwa kazi: gunia la mpunga nyuma, madumu ya maji ubavuni, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, au mwalimu wa dini anayezungukia vigango vyake. Leo nataka uipande bila mzigo, uje nami tuufuate mto Katuma kutoka upande wa Mpanda hadi Sitalike, mlangoni pa Hifadhi ya Katavi.

Utaniuliza, je, yuko mtu mwenye akili timamu apandaye baisikeli kutwa nzima kwa kutembea tu? Wapo, tena wengi. Katika miaka ya 1970, huko California, Marekani, vijana wa wilaya ya Marin walichukua baisikeli kuukuu, nzito, zenye matairi mapana, wakazipandisha mlimani na kuteremka nazo mbio katika njia za vumbi. Breki zao zilikuwa za kukanyaga pedali kinyumenyume. Katika mteremko mmoja tu grisi ya ndani ya gurudumu iliungua ikatoa moshi, ikawapasa kulifungua na kutia nyingine wafikapo chini. Hapo ndipo zilipoanzia baisikeli za milimani zenye gia nyingi, ambazo leo nyingine zauzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa. Nami hucheka kidogo nisomapo habari hizo. Baisikeli nzito katika njia ya vumbi! Sisi tumeendesha hivyo tangu utoto, tena na gunia nyuma.

Basi twende. Kutoka mjini Mpanda hadi Sitalike kwa barabara ya lami ni karibu kilometa 37. Ukishika lami utafika upesi, lakini malori yatakusukuma pembeni, na macho yako hayataona kitu ila lami. Mimi nilipita njia za mashambani, katika vijiji vya mpunga kama Mwamkulu. Hapa unashika kijia, pale unavuka mfereji kwa kuibeba baisikeli begani, pengine unarudi barabarani kidogo. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, majaruba yamekauka na kupasuka, watoto wanacheza juu ya malundo ya mabua. Nchi ile haina milima ya kukukata pumzi. Ni tambarare yenye migunga na mikuyu, na kila uuonapo mstari wa miti mirefu ya kijani, ujue mto uko hapo.

Kabla ya kuondoka shika haya machache. Chukua pampu, viraka na gundi yake, maana miiba ya mgunga haina huruma. Penye mchanga mwingi toa upepo kidogo katika matairi. Tairi likibonyea hutambaa juu ya mchanga, wala halizami kama wembe. Lakini usifanye hivyo ukiwa na mzigo, utakata tyubu. Penye mteremko usikaze breki ya mbele peke yake, utarushwa juu ya usukani. Sogeza kiuno nyuma, simama kidogo juu ya pedali, uache magoti yako yapokee mashimo. Na wewe mama, usiniambie ya kwamba haya ni mambo ya wanaume. Baba mwenye baisikeli moja nyumbani amfundishe na binti yake, kwa kuwa shule iko mbali kwake sawasawa na kwa kaka yake.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Kijia nilichokuwa nikikifuata kando ya mto kiliishia ghafula katika bustani ya nyanya. Jembe lilikuwa limelima kijia chote, likalima na ukingo, hata mche wa mwisho ulikuwa unaning'inia juu ya maji. Nikaingia katika matete nikiisukuma baisikeli, nikafurahi kuona njia nyingine, pana, yenye mifuo miwili na tuta katikati, kama iliyopitwa na gari. Nikataka kuipanda. Mzee mwenye bustani akanipigia kelele: "Mwanangu, rudi! Hiyo siyo njia ya watu!"

Ilikuwa njia ya kiboko. Miguu ya kushoto huchimba mfuo wake, ya kulia wake, na katikati hubaki tuta. Kiboko hutoka majini jioni, hula nyasi usiku, kilo 40 hivi, hurudi kabla ya mapambazuko kwa njia ile ile. Dume mzima huwa na uzito wa kilo 1,500 na zaidi, na nchi kavu hukimbia kuliko wewe. Mwenye kumkuta hatari ni yule asimamaye kati yake na maji, maana mnyama huona amezibiwa mlango wa nyumba yake. Mimi simwogopi simba wa mbali kama nimwogopavyo kiboko wa karibu. Kwa hiyo, karibu na mto usipande baisikeli kabla jua halijapanda vizuri, wala baada ya saa kumi na moja jioni; na penye matete piga kengele.

Mzee akanipitisha shambani mwake, akanipa na nyanya mbili. Nikamwuliza njia ya watu imekwenda wapi. Akasema, "Tumeila," akacheka, lakini si sana.

Nilifika Sitalike mchana. Simama pale uangalie mto. Wakati wa kiangazi maji huwa madimbwi, na viboko hujazana matopeni, mgongo kwa mgongo, wakigombana na kunguruma. Huko chini zaidi, kuelekea Ikuu, mamba hujificha katika mapango ya kingo wakingoja mvua. Wageni hupiga picha na kufurahi. Lakini wenye kuuchunguza mto waliona, katika miaka ya 2000, ya kwamba Katuma, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, sasa hukatika kiangazi. Maji huchukuliwa juu kwa ajili ya mpunga, na sisi sote twaupenda wali. Lakini kingo zikilimwa hata ukomo, mvua huporomosha udongo, mchanga hujaza vilindi, na kiboko aliyekosa kilindi hutafuta kwingine, pengine kisimani penu.

Hapo Sitalike geuza baisikeli. Barabara kuu yaingia katika hifadhi, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1974, na huko wako simba na nyati. Ukitaka kuendelea kusini, pakia baisikeli juu ya basi. Tena wako mbung'o, wengine huwaita ndorobo. Hao hupenda kufuata kitu kinachokwenda, na ukivaa nguo ya buluu au nyeusi umewaalika mwenyewe. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Nililala Sitalike. Kesho yake, jua lilipokwisha kupanda, nikarudi kwa yule mzee, nikiwa na uzi mwekundu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Watu wengi wameisikia, lakini ni nani aliye na kamba ya meta 60? Yule mwenye baisikeli anayo. Gurudumu kubwa la baisikeli zetu za kawaida, la inchi 28, likizunguka mara moja huenda meta 2 na robo hivi. Funga uzi katika spoki moja, anza ukingoni, isukume baisikeli kwa kunyoka, uhesabu. Uzi ukifika chini mara 27, umetimiza meta 60.

Tulihesabu pamoja, mimi nikisukuma, wajukuu zake wakipaza sauti. Mara ya tisa tulikuwa tumemaliza nyanya. Mara ya kumi na tisa tukaikuta njia ya ng'ombe wa jirani. Mara ya ishirini na saba tulisimama chini ya mkuyu mkubwa, na mmoja wa watoto akasema ya kwamba hapa ndipo bibi alipokuwa akipitia na mtungi zamani.

Mzee alinyamaza. Akatazama bustani, akatazama mto. Kisha akamtuma mjukuu nyumbani akalete baisikeli yake mwenyewe, akisema labda gurudumu langu ni dogo, yafaa tuhesabu tena.