Unamfungulia mtoto wa mbwa kwa mara ya kwanza? Zingatia haya

Mtae, wilayani Lushoto, ipo ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara. Chini ya genge ni nyanda za Mkomazi. Mtoto wa mbwa akifunguliwa hovyo, akakimbiza kuku kuelekea huko, huenda asirudi.

Anza na chanjo ya kichaa cha mbwa. Huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Kabla ya hapo asichangamane na mbwa wanaozurura.

Mfundishe jina lake akiwa bado kwenye kamba. Mwite, akija mpe dagaa. Rudia kila siku.

Siku ya kumwachia, chagua ua wenye uzio, mbali na genge na barabara. Awe na njaa kidogo. Mwache aburute kamba ndefu, akichomoka unaikanyaga.

Akigoma kurudi, usimkimbize, ataona ni mchezo. Mwite huku ukiondoka, mara nyingi atakufuata. Akichelewa, usimchape. Ukimchapa leo, kesho haji.

Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha mtu huyo awahishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, kupona ni nadra mno.