Thamani ya Nafsi na Kishawishi cha Kudanganya

Udanganyifu huhukumiwa zaidi kwa mizani ya maadili: mkweli ni mwema, mwongo ni mbaya. Saikolojia huongeza swali la pili: aliyedanganya anajithamini kiasi gani?

Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, Elliot Aronson na David Mettee, walichapisha jaribio lililowahusisha wanafunzi wa kike 45 wa chuo kikuu. Baada ya kupimwa haiba, baadhi walipewa majibu ya kubuni yaliyowasifu, na wengine yaliyowashusha hadhi. Kisha walicheza karata kwa fedha, wakiwa na nafasi ya kudanganya bila kuonekana. Kati ya 15 walioshushwa hadhi, 13 walidanganya. Kati ya 15 waliosifiwa, walidanganya 6. Jaribio moja dogo haliwi sheria, lakini hoja yake ni nzito: anayejiheshimu huona tendo duni halimfai, ilhali anayejidharau haoni cha kupoteza.

Mali nayo huingia hapo. Mwaka 2007 Lan Nguyen Chaplin na Deborah Roedder John waliwachunguza watoto na vijana wa miaka 8 hadi 18. Walipokaribia ujana, kujithamini kulishuka na kupenda mali kukapanda. Vijana walipopokea maneno mema kutoka kwa wenzao, tamaa hiyo ilipungua. Mali, basi, yaweza kuwa kiraka cha heshima iliyochanika.

Katika vituo vya afya, jambo hili lina gharama. Mtumishi anayepima utu wake kwa gari la jirani hushawishika upesi kuomba “chai” kwa huduma isiyolipiwa. Kuelewa chanzo si kumsamehe. Rushwa humnyima mgonjwa haki yake.

Mgonjwa naye huficha. Mwenye shinikizo la damu aliyekosa fedha za dawa huona aibu, akajibu kwamba anameza kila siku. Daktari, akidhani dawa imeshindwa, huongeza dozi. Siku mgonjwa atakapozinunua na kuzimeza zote, shinikizo laweza kushuka mno, akapata kizunguzungu na kuanguka.

Kumkaripia mgonjwa wa namna hiyo ni kumshusha tena, na kumfundisha kuficha zaidi. Inafaa aulizwe kwa staha: “Wengi hupata shida kumeza dawa kila siku. Wiki iliyopita, mama, ulikosa siku ngapi?” Swali hilo humfungulia mlango wa kusema kweli bila kuvunjiwa heshima.

Kwa upande wake, mgonjwa ajue kwamba kusema “sikuwa na fedha” si fedheha. Ni taarifa ya tiba, sawa na homa au maumivu, nayo humwezesha daktari kutafuta dawa ya bei nafuu badala ya dozi kubwa zaidi.