Umeacha Bangi, na Sigara Je?

Kijana mmoja mvuvi wa hapa Ikola alikuja kwangu na kikohozi. Akaniambia kwa aibu, "Daktari, bangi niliiacha miezi 2. Sasa nimeirudia." (Udaktari sina, lakini ndivyo tunavyoitwa.) Nikamwuliza, "Na sigara, ndugu yangu?" Akacheka. "Sigara sikuiacha. Sigara si bangi."

Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Fikiri jinsi bangi inavyovutwa. Mara nyingi huchanganywa na tumbaku katika msokoto mmoja. Kiberiti kinawashwa, moshi unashuka kifuani. Mwili huyazoea mambo hayo yote kwa pamoja. Basi aliyeacha bangi lakini anavuta sigara, kila siku anaukumbusha mwili wake ule msokoto. Tena tumbaku ina nikotini, ambayo humfunga mtu. Pengine hamu unayoisikia ni ya tumbaku, nawe unadhani ni ya bangi.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Marekani, walieleza kuwa wavutaji bangi waliovuta pia sigara walikuwa wepesi zaidi kuirudia bangi kuliko wasiovuta sigara.

Je, uache vyote pamoja? Mimi nashauri hivyo, ukiweza. Wiki ya kwanza ni ngumu. Usingizi hupotea, chakula hakipendezi, hasira huwa karibu. Vijana huiita arosto. Usidhani umerogwa. Kwa wengi hupungua baada ya wiki 2 hivi.

Wewe mvuvi wa dagaa, anza siku za mbalamwezi. Siku hizo taa hazisaidii ziwani, na mitumbwi hupumzika. Utaepuka usiku wa baridi na msokoto unaopita mkono kwa mkono. Kaa nyumbani ushone nyavu. Mwambie mkeo mapema, ili akuvumilie ukifoka. Wala usihamie ugoro. Ugoro nao ni tumbaku.

Wengine hawaji zahanati kwa kuwa bangi ni kosa kisheria. Mganga si polisi. Siri ya mgonjwa haitoki nje. Na ukikohoa wiki 2 au zaidi, njoo upimwe makohozi. Usiseme ni moshi tu.

Kijana yule alirudi juzi. Hakuweza kuacha vyote siku moja. Sigara zimeshuka kutoka 12 hadi 4 kwa siku. Bangi hajaigusa siku 19. Anazihesabu kwa mafundo kwenye uzi wa wavu.