Zheng Yi Sao, Mkuu wa Maharamia wa China Kusini

Zheng Yi Sao, yaani mke wa Zheng Yi, alikuwa mwanamke wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China, aliyeolewa mwaka 1801 na kiongozi wa maharamia, yaani wanyang'anyi wa baharini. Mwaka 1805 makundi yaliyokuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe yaliungana kwa mkataba, kila moja likitambulika kwa rangi ya bendera yake. Mumewe alipofariki mwaka 1807, mjane huyo alishika uongozi wa shirikisho hilo, akamkabidhi Zhang Bao, mtoto wa kulea wa marehemu ambaye baadaye alimwoa, kundi lenye nguvu zaidi, la bendera nyekundu.

Mapato yao hayakutegemea uporaji peke yake, kwani wafanyabiashara wa chumvi na wavuvi walilazimika kununua hati za usalama zilizowawezesha kupita bila kudhuriwa, huku ngawira, yaani mali iliyotekwa, ikiandikishwa na kugawanywa kwa kanuni kali.

Wanamaji wa utawala wa Qing waliposhindwa kuwavunja, hata kwa msaada wa Wareno wa Macau, serikali ilitoa msamaha, na mwezi Aprili 1810 Zheng Yi Sao alikwenda Guangzhou bila silaha, akifuatana na wanawake na watoto, kujadiliana na mtawala wa eneo hilo, Bai Ling. Zaidi ya maharamia 17,000 walijisalimisha, Zhang Bao akapewa cheo jeshini, na Zheng Yi Sao akaishi uraiani hadi alipofariki mwaka 1844.