Fundi ameharibu kazi? Soma hii kwanza

Bonasi ya chai imeingia, ukamtumia fundi wa Litein pesa akushonee duveti ya baridi. Wiki moja tu, nyuzi zimefumuka na pamba imekusanyika kona moja.

Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyoenda namba isiyofaa. Uliyomtumia fundi kwa hiari yako hatuwezi kuichukua kwake.

Mpelekee duveti mapema, mkubaliane kwa SMS siku ya kurekebisha. Usifute ujumbe wa malipo, ndio risiti yako. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili.

Siku ingine, tuma nusu kwanza. Iliyobaki utume ukishakagua mishono.